Tani Mbili za Ziwa Sebuleni kwa Bibi Anna

Mimi ni fundi wa vitu viwili: matenki ya maji na makaburi. Msicheke. Zege ni lile lile, nondo ni zile zile, na wateja wa pande zote mbili wanataka jambo moja tu, kitu chao kisipasuke. Kazi hiyo nimeifanya kuanzia Kigonsera hadi Kitai, nikapanda na kushuka milima ya Mbinga mpaka magoti yakasema basi, nami nikayasikiliza. Sasa nimekaa. Mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi jirani na kwangu ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kushika mwiko. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea, na palipo na kosa langu nitalitaja.

Nilidhani nitaandika habari za matenki ya shule na ya parokia. Lakini kila nikishika kalamu inanijia kazi moja ya mwisho mwisho, ambayo haikuwa tenki wala kaburi, ingawa ilifanana na vyote viwili. Balaa lake lilianzia hapo kwenye kufanana.

Kwanza niwaambie jambo langu, kwa sababu sipendi kumfundisha mtu huku nimeficha kitu. Miaka yote niliyojenga matenki ya watu, kwangu hakukuwa na tenki. Mke wangu Yustina alichota maji bombani, chini ya kilima, akapanda nayo. Akifika aliitua ndoo juu ya jiwe bapa lililo nje ya jiko letu, akapumua, ndipo akaiingiza ndani. Majirani walimtania: "Mke wa fundi matenki, habari za bomba?" Naye alijibu, "Fundi yuko kazini." Nilicheka pamoja nao. Yustina ametangulia, Mungu amrehemu. Tuendelee na kazi.

Osmund alinijia nyumbani asubuhi moja, mvua za mwisho zikiwa zinaisha. Ni mkulima wa kahawa pembezoni mwa mji wa Mbinga, mtu mwema sana, tatizo lake ni haraka.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, Osmund. Kuna msiba?" Watu wakinijia asubuhi namna hiyo mara nyingi ni msiba.

"Hakuna. Nataka bahari."

"Bahari iko Mtwara."

"Nataka ya sebuleni."

Alikuwa ametoka Dar es Salaam kwenye harusi. Hoteli aliyolala ilikuwa na bahari ndani ya ukuta: kioo kikubwa, nyuma yake matumbawe, na samaki wa kila rangi wakipita kama waumini wa Pasaka. Alikuwa amepiga picha arobaini kwa simu. Thelathini kati ya hizo zilimwonyesha yeye mwenyewe kwenye kioo, ameinua simu.

Nikamuuliza sebule ya Mbinga ina shida gani hata ihitaji bahari. Hapo akatulia, akaniambia la moyoni. Mama yake, Bibi Anna, ni Mnyasa. Alizaliwa kwenye kijiji cha mawe mawe, kaskazini kidogo ya Mbamba Bay, akaolewa huku juu kwetu Wamatengo akiwa msichana. Mwaka uliotangulia alianguka akavunjika nyonga. Tangu hapo anakaa kwenye kiti cha magurudumu, na kila siku anaomba kitu kimoja, ashushwe akaone maji. Daktari amekataa, kwa kona za barabara ya kushukia huko hata mwenye nyonga nzima anafika chini akiwa amekunjamana.

"Kama mama hawezi kushuka," Osmund akasema, "maji yapande. Siku ya somo wake, Mtakatifu Anna, mwishoni mwa Julai. Nataka afungue macho aone maji. Ila fundi, asijue. Mpaka siku hiyo, asijue kabisa."

Nikaahidi. Kosa la kwanza ndilo hilo, liandikeni.

Tukaenda dukani kwa Mzee Shamte anayeuza vifaa vya ujenzi. Wazee wake walitoka Kilwa, na bahari anaizungumzia kama mtu anavyozungumzia shangazi yake. Osmund akamuuliza kwa haraka zake, "Mzee Shamte, lita elfu mbili za maji zinataka gunia ngapi za chumvi?"

Mzee Shamte akavua miwani. "Unakausha ng'ombe?"

"Natengeneza bahari."

"Osmund mwanangu, bahari si mchuzi, kwamba unaonja, ukiona haijakolea unaongeza." Akatueleza taratibu. Chumvi ya samaki wa baharini si ya jikoni, ni mchanganyiko wa kuagiza mbali. Matumbawe si mawe, ni wanyama, yanataka taa za pekee na mitambo isiyolala, umeme ukikatika siku nzima yanakufa na kunuka. "Na umeme wetu mnaujua tabia yake. Halafu nikuulize, mama yako ni wa Kilwa?"

"Hapana, Mnyasa."

"Sasa bahari yangu unampelekea ya nini? Mpelekee ziwa lake."

Tukatazamana na Osmund kama watu waliokuwa wanatafuta kofia waliyoivaa. Ziwa Nyasa lina miamba yake chini ya maji, na miamba hiyo ina samaki wake, mbuna, wadogo kama kiganja, wa bluu, wa njano, wenye mistari. Wazungu wanavuka dunia kuja kuwaangalia. Sisi tulitaka kwenda Kilwa.

Basi nikapanga. Na hapa nisikilizeni kama mafundi.

Maji ni mazito kuliko mnavyodhani. Sanduku la futi nane kwa tatu, kina futi tatu, linabeba lita elfu mbili. Hizo ni tani mbili kabla hujaweka jiwe hata moja. Vuta picha ya gunia ishirini za mahindi zimesimama sebuleni kwako mahali pamoja, mchana na usiku, hazipungui. Sakafu ya kawaida haiwezi. Nilivunja sakafu, nikachimba msingi wake peke yake, nikafunga nondo kama za tenki la shule. Osmund alipoona shimo akasema, "Fundi, tunafuga samaki au viboko?"

Pili, mahali. Osmund alitaka sanduku likae kwenye ukuta unaotazama mlango mkubwa, ili mgeni akiingia tu alione. Nikaweka kiganja kwenye ukuta ule asubuhi. Ulikuwa baridi kama tumbo la chura. Samaki wa ziwani amezoea maji ya vuguvugu, na Mbinga mwezi wa saba mtu mzima analala na soksi. Nikazunguka nyumba nzima nikipapasa kuta, mke wa Osmund akinifuata nyuma kuona kama nina akili. Ukuta wenye joto ulikuwa mmoja, ule wa jikoni, ambao dohani ya jiko la kuni inapanda ndani yake. Tuliagiza hita za umeme pia, lakini nilitaka siku umeme ukikatika, ugali wa watu uwapashe samaki.

"Wageni wakiingia hawatauona," Osmund akalalamika.

"Kwani somo ni wa wageni?"

Akakubali. Hatukufikiria jambo moja, kwamba ukuta ule wa jikoni ulionekana kwa pembeni kutoka mlangoni mwa chumba cha Bibi Anna.

Tukatundika turubai. Nyuma ya turubai nikajenga. Nikapiga lipu mara mbili, nikamalizia na niru ya saruji ndani, laini kama sahani. Mbele nikaacha dirisha la kioo. Kioo chenyewe kilitoka Dar es Salaam kwenye lori, kimelala kati ya magodoro mawili, kinene kama kidole gumba changu. Tulikibandika kwa silikoni, tukakiacha wiki nzima bila kukigusa, na juu yake nikaegemeza mbao kisikwaruzwe. Zege jipya linatema ukali kwenye maji, kwa hiyo nilijaza na kumwaga, nikajaza na kumwaga, wiki tano, na maji yale tukamwagia migomba.

Sasa kuna mambo mawili niliyofundishwa na mwalimu wangu, Mzee Fidelisi wa Kigonsera, aliyenishikisha mwiko nikiwa kijana. La kwanza, ukitaka kujua tenki linavuja wapi, paka unga mkavu wa sembe kwenye pembe zote kwa nje. Palipo na jasho, hata kama jicho halioni, unga utabadilika rangi. La pili, siku tenki linapojaa mara ya kwanza, fundi anakula chakula cha mchana ameliegemea. Mzee Fidelisi alisema fundi asiyeweza kumeza tonge mgongo wake ukiwa kwenye tenki lake, basi analijua kosa lake. Nimekula ugali mwingi sana nikiegemea kazi zangu. Mara moja tu nilisimama kabla ya kumaliza, na tenki lile kweli lilipasuka.

Turubai la Osmund lilikuwa fupi. Lilificha mbele yote, lakini pembeni, upande wa mlango wa Bibi Anna, lilibakiza kama futi mbili wazi. Sasa jiwekeni kitandani kwa mama mwenye umri wa miaka themanini na ushee, mlango wake uko wazi kidogo. Anamwona nani? Anamwona fundi wa makaburi. Anamsikia akisema, "Futi nane kwa tatu." Anaona sanduku la zege linapanda, linavishwa marumaru nyeupe, zile zile zilizo kwenye makaburi yote niliyojenga pale parokiani, maana mke wa Osmund alizipenda kwa sababu zinafutika vizuri. Siku moja anamwona fundi anapaka unga kwenye pembe, na wazee wetu, kabla hatujabatizwa na hata baada ya hapo, unga wanaupeleka kwa wafu. Kesho yake anamwona fundi amekaa chini, ameegemea, anakula ugali na maharage kwa utulivu mkubwa.

Bibi Anna hakumuuliza mtu. Alianza kugawa khanga. Ya kwanza akampa mke wa Osmund, ya pili akampa jirani, nyingine zikaenda kwa wajukuu. Akaita katekista, wakasali. Chakula akawa anaonja tu. Osmund, mtu wa haraka, alifurahi: "Mama amekuwa mkarimu siku hizi!"

Aliyeshikwa ni mimi. Nilikuwa napita na ndoo ya mchanga, sauti ikatoka chumbani. "Fundi. Njoo."

Nikaingia. "Shikamoo Mama."

"Marahaba. Kaa." Nikakaa. Akaelekeza kidevu kwenye turubai. "Futi nane za nini? Mimi ni mfupi."

Sikuelewa. "Mama?"

"Nasema mimi ni mfupi. Futi tano na nusu zingetosha. Au mtanizika na kiti?"

Wanangu, ndoo ilinitoka mkononi. Mchanga wote ukamwagika kwenye zulia lake. "Mama, si kaburi! Naapa, si kaburi lako."

"Si langu?" Akaegemea mbele. "La nani, basi? Osmund anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Si kaburi la mtu yeyote."

"Ni nini?"

Hapo nikabanwa. Sijui kusema uongo, na ahadi nilikuwa nimeshaitoa. Nikamwambia, "Mama, si kaburi. Ni nini, siwezi kusema."

"Unga ule?"

"Wa kutafutia unyevu."

"Na ugali ulioula ukiliegemea?"

"Huo ni wa kawaida, Mama. Nilikuwa na njaa na nilikuwa nalipima."

Akaita kwa sauti ambayo sikujua bado anayo: "Mkwe! Nipikie! Na ile khanga yangu ya njano uirudishe!" Khanga ya njano ilikuwa imeshashonwa gauni. Wakarushiana maneno, mkwe jikoni, yeye chumbani, mimi nikikusanya mchanga kwa viganja. Sikumwambia Osmund. Nilihesabu kuwa siri haijatoka.

Tukashuka Mbamba Bay kufuata samaki. Afisa uvuvi alitupa kibali na masharti, akatuonyesha mvuvi mmoja aitwaye Kanuti, anayezamia kama fisi-maji. Kanuti alituuliza, "Mnawala?"

"Hapana," Osmund akajibu. "Tunawaangalia."

"Kuwaangalia si mnakaa hapa tu? Bure."

Lakini alituvulia, kwenye kina kifupi, maana samaki ukimpandisha haraka kutoka chini sana anavimba. Ishirini na wawili. Tulitaka na mawe, mawe yenyewe ya pale walipokuwa wanaishi. Mawe yale yalikuwa na utelezi wa kijani, mchafu, kama sakafu ya bafu la gesti. Mimi ni fundi wa matenki. Maisha yangu yote nimepigana na utelezi. Samaki tukawaacha majini kwa Kanuti, nikatangulia kuyaleta mawe Mbinga, nikayasugua kwa brashi ya waya na mchanga siku tatu, nikayasuuza kwa dawa ya kufulia, nikayaanika juani pamoja na kahawa ya Osmund. Yaling'aa. Nikayapanga juu ya sakafu ya sanduku kwanza, mchanga ukafuata, kwa sababu mbuna wanachimba na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaanguka na kupiga kioo. Hilo nililijua. Nilijisifu sana.

Samaki wakapandishwa kwa madumu yenye vifuniko, hawakulishwa tangu jana yake ili wasichafue maji, tukasimama kila kona mbaya. Wote wakafika hai. Zilikuwa zimebaki siku tisa kufika sikukuu.

Siku ya kwanza walijificha. Tukasema uchovu. Siku ya pili walijificha. Siku ya tatu wawili walielea, tumbo juu. Hita zilifanya kazi, ukuta ulikuwa na joto, maji yalikuwa maangavu kama ya kunywa. Osmund akawatupia mkate. Akawatupia unga wa dagaa, chapati, hata kande, nikamwambia kande hawatafuni. Walitoka, wakagonga mawe kwa midomo, wakarudi gizani. Wanagonga, wanarudi. Siku ya tano akafa mwingine. Osmund aliwazika wote watatu chini ya mti wa kahawa, akirudi ndani macho mekundu.

"Fundi, tutafanyaje? Zimebaki siku nne. Mama akifunua aone maji matupu?" Akafikiri. "Tubandike picha nyuma ya kioo. Zile picha zangu za hoteli."

"Uwemo na wewe, umeinua simu?"

Hakucheka. Nilitazama sanduku lile, kazi safi kuliko zote nilizofanya, nikajua sijui kitu. Na mtu mmoja tu katika nyumba ile alikuwa amekulia kwenye mawe yale. Tulipima ukuta, tulipima maji, tulimuuliza mtu wa Kilwa, tulimuuliza afisa, tulimuuliza mvuvi. Yeye tulimtundikia turubai.

Nikamwambia Osmund, "Ahadi yangu naivunja. Kasirika sasa hivi, nikirudi uwe umemaliza." Nikaenda mlangoni kwa Bibi Anna.

"Shikamoo Mama. Mbuna wanakula nini?"

Alinitazama mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka, cheko la chini chini, mabega yakitikisika, hadi akashika nyonga kwa maumivu. "Samaki! Nimegawa khanga zangu kumi na moja kwa sababu ya samaki! Nisogeze hapo."

Nikamsukuma kiti. Nikashusha turubai mwenyewe. Akakaa mbele ya kioo, Osmund amesimama pembeni kama mtoto aliyevunja chungu. Bibi Anna hakutazama samaki kwanza. Alitazama mawe.

"Nani kayasugua haya?"

"Mimi, Mama."

"Kwa nini?"

"Yalikuwa na utelezi."

"Ule utelezi ndio ugali wao." Akamgeukia mwanawe. "Mmewaalika watu, halafu mmeosha sufuria kabla hawajala." Akasogea karibu na kioo. "Masikini, angalia wanavyogonga. Wanatafuta. Kalete mengine. Usiyaoshe. Yafunike na magunia yaliyoloweshwa maji ya ziwa, yasikauke njiani. Na wewe fundi, mikono yako iweke mfukoni."

Nilishuka Mbamba Bay siku ile ile. Kanuti akaniuliza kama tumeshiba kuwaangalia. Nikapanda na mawe machafu kuliko yote niliyoyapata, yakidondosha maji kwenye gari la mtu. Tuliyaweka asubuhi. Kabla ya saa sita, mbuna kumi na tisa walikuwa wamejipanga kwenye mawe kama ndama wanaonyonya. Afisa uvuvi aliniambia baadaye kwamba ule utelezi ndio pia unaosafisha maji yasiwadhuru. Liandikeni: usafi wa tenki la kunywa ni uchafu kwa tenki la kuishi. Kabla hujasugua, uliza nani anakaa pale.

Siku ya somo ikafika. Misa ikaisha, watu wakaja, Mzee Shamte akaja na halua, katekista akaja akiwa bado anashangaa aliitwa kusali sala gani siku ile. Bibi Anna akaletwa mbele ya kioo, amevaa khanga mpya, taa ikawashwa.

Akatazama.

"Wazuri," Bibi Anna akasema. "Ingawa umekwenda kwenye ziwa lote lile, lenye mbasa wa kula, ukarudi na samaki wa watoto."

Watu wakacheka.

"Sasa," akauliza, "mkono unaingia wapi?"

Osmund akanitazama. Nikamtazama. Ukingo wa sanduku ulikuwa juu, futi nne na nusu kutoka chini. Yeye alikuwa amekaa.

"Mama," Osmund akasema polepole, "ni la kutazama."

"Mimi ziwani sikuwa natazama, mwanangu. Nilikuwa naosha vyombo." Akaonyesha kwa kiganja. "Unakaa juu ya jiwe, unazamisha sufuria, wanakuja kula ukoko. Wanakudonoa vidole. Nani ana nafasi ya kutazama ziwa?"

Hakusema kwa kulalamika. Alishukuru, alikula, alicheza kwa mabega walipoimba. Lakini niliona uso wa Osmund. Wageni walipoondoka akanivuta. "Fundi, weka bomba, tumjengee karai chini, maji yashuke hapo alipo."

"Maji hayana adabu hiyo. Ukiyafungulia njia, tani mbili zote zitakuja kukaa mapajani kwa mama yako." Nikatoa tepu. Lakini mara hii sikupima ukuta. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. "Mama, samahani. Nyoosha mkono. Hapo. Ukiwa unaosha sufuria, kiwiko kilikaa wapi?"

Akanionyesha. Nikapima kiwiko chake, urefu wa kiti, upana wa magurudumu. Nikamgeukia Osmund. "Kama maji hayawezi kushuka, mama apande."

Nikajenga njia ya mteremko, ndefu, ya taratibu, yenye kingo na vishikizo, kuanzia mlangoni mwa chumba chake hadi kwenye jukwaa kando ya sanduku. Ilikula nusu ya sebule. Makochi mawili yakahamia stoo. Katekista alipoiona akasema sasa kilichobaki ni kipaza sauti, nyumba ina mimbari.

Siku ilipokauka tukamsukuma juu. Alikuwa na sufuria ndogo mapajani, yenye ukoko wa ugali wa asubuhi. Akakunja mkono wa gauni, akaizamisha. Maji yakatulia. Halafu mmoja wa bluu akaja, akasita, akadonoa. Kisha wote. Bibi Anna akapiga ukelele kama msichana: "Wananidonoa! Osmund, wananidonoa!" Osmund akatoka nje kwenda kuangalia kahawa, iliyokuwa haina tatizo lolote.

Nikabaki nakusanya vifaa. Bibi Anna, mkono bado majini, akaniambia bila kugeuka, "Fundi. Mkeo ulimjengea nini?"

"Kaburi, Mama."

"Na tenki?"

"Hapana."

"Alilitaka?"

Nikaitia tepu mfukoni. "Sikumuuliza."

Aliisogeza sufuria kidogo, samaki wakaifuata.

Bibi Anna yupo bado, nyonga haijapona, khanga ya njano haijarudi. Na mimi, niliporudi nyumbani, nilijenga tenki langu, la kwanza na la mwisho kwangu. Msingi, nondo, lipu, niru, nimeshawaeleza. Nilipofika kwenye kutoboa tundu la bomba nikakwama nusu siku, tepu mkononi. Kiwiko cha kupima hakikuwepo tena. Halafu nikaliona lile jiwe bapa nje ya jiko, mahali pale pale, limelainika katikati. Nikaweka ndoo ya Yustina juu ya jiwe, nikapima kutoka hapo.

Bomba liko chini, kwa kimo chake. Mimi ni mrefu. Kila asubuhi nainama.